Kompyuta Ndogo za Bei Nafuu: Je, Zastahili Mshahara wa Askari?

Swali hili limetufikia mara nyingi mno hata haifai tena kulijibu mlangoni mwa ofisi. Limeulizwa na makoplo wanaosomea stashahada kwa masafa, limeulizwa na maofisa wa polisi wanaojiandaa kwa mitihani ya kupandishwa cheo, na limeulizwa na vijana waliorudi kutoka Somalia wakiwa na posho mkononi na orodha ndefu ya mahitaji ya nyumbani. Wote wataka kujua jambo moja: ile kompyuta mpakato ndogo, mpya, ndani ya boksi lake, ambayo mchuuzi huileta hadi karibu na lango la kambi na kukubali ilipwe kwa awamu, je, ni mali au ni hasara?

Si swali dogo. Askari hanunui kompyuta kwa fedha za ziada. Huinunua kwa mkopo unaokatwa katika mshahara wake mwezi baada ya mwezi, na mara nyingi chombo hufa kabla deni halijafa.

Yafaa kwanza ieleweke vitu hivi vilitoka wapi, kwa kuwa wazo lenyewe lilianza kwa nia njema, tena lilianza likitutazama sisi watu wa nchi zinazoendelea. Mnamo Novemba 2005, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Tunis, Profesa Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT cha Marekani, akiwa pamoja na Katibu Mkuu Kofi Annan, aliionyesha dunia kompyuta ya kijani yenye mkono wa kuzungusha ili kujizalishia umeme. Bei yake, alisema, ingekuwa dola 100, na ingekuwa ya mtoto maskini. Ilipoanza kutengenezwa kwa wingi Novemba 2007, bei ilikuwa imekaribia dola 190 na ule mkono wa kuzungusha haukuwamo tena.

Mwaka huo huo wa 2007 kampuni ya ASUS ya Taiwan ilitoa kompyuta yake ndogo iliyoitwa Eee PC: kioo cha inchi 7, uzito usiofika kilo moja, kumbukumbu ya megabaiti 512 na hifadhi ya gigabaiti 4. Ajabu ni kwamba chombo kilichofanana na cha mtoto wa shule ya kijijini kiligombaniwa na watu wazima wa nchi tajiri. Kampuni nyingine zikaiga. Kwa miaka mitatu hivi, hakuna kilichouzwa kwa kishindo kama hizo kompyuta ndogo.

Kisha zikaanguka. Watu wengi husema zilianguka kwa sababu ya iPad iliyotoka mwaka 2010, na ni kweli kwa sehemu. Lakini sisi twaona sababu nyingine iliyokuwa ndani ya mkataba. Microsoft ilikubali kuwauzia watengenezaji mfumo wake wa Windows XP kwa masharti nafuu kwa ajili ya kompyuta ndogo peke yake, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba kumbukumbu isizidi gigabaiti 1. Kwa maneno mengine, udhaifu wa chombo kile haukutokana na bei ya vipuri tu. Uliandikwa kwa makusudi ili kompyuta ya rahisi isije ikala soko la kompyuta ya ghali. Mnunuzi hakuambiwa hivyo. Aliambiwa kwamba amepata bahati. Kufikia mwisho wa mwaka 2012 ASUS na Acer, zilizokuwa mstari wa mbele, ziliacha kuzitengeneza.

Na zile za watoto maskini je? Peru ilinunua mamia ya maelfu. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walitoa matokeo ya uchunguzi katika shule 319 za mashambani: uwezo wa watoto wa kufikiri kwa jumla ulionekana kupanda kidogo, lakini katika hesabu na lugha hawakuonekana kuwashinda wenzao wasio na kompyuta. Jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2008 na kugawa zaidi ya kompyuta 200,000 katika shule za msingi. Nchini Kenya iliahidiwa mwaka 2013 kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza angepata kompyuta mpakato. Utekelezaji ulipokuja mwaka 2016, walichopata ni tableti. Hatusemi haya ili kuwacheka majirani. Twayasema kwa sababu mzazi askari anayenunua kompyuta ndogo akitumaini kwamba yenyewe itampandisha mwanawe alama za mtihani anarudia hesabu ambayo serikali nzima zimekwisha kuifanya.

Tuje sasa kwenye zinazouzwa leo. Jina limebadilika, mapambo yamebadilika, kioo kimekua hadi inchi 11 au 14, lakini desturi ya kupunguza ndani imebaki ile ile. Ukiifungua utakuta prosesa ya daraja la chini, mara nyingi Celeron yenye viini viwili, kumbukumbu ya gigabaiti 4, na hifadhi ya gigabaiti 32 au 64 iliyolehemiwa juu ya ubao. Neno hilo la kulehemiwa ndilo la kutilia mkazo. Katika kompyuta ya kawaida, hifadhi ikijaa au ikiharibika, fundi hulegeza skrubu, akatoa diski ya zamani akaweka nyingine. Katika hizi, hifadhi ni sehemu ya ubao, na ikifa, kompyuta yote imekufa.

Sisi wenyewe tulilipia somo hilo. Tulipotoka chuo cha makadeti tulinunua moja katika duka la mjini, ya gigabaiti 32, nyepesi, ya rangi ya buluu, tukajiona maofisa kamili. Mwezi wa nane ilianza kutuambia kwamba nafasi imekwisha. Tulifuta picha, tukafuta nyimbo, mwishowe tukafuta hata masomo ya kozi, lakini haikufaa kitu, kwa sababu Windows peke yake ilikwisha kula zaidi ya nusu, na kila ilipotaka kujisahihisha ilidai nafasi zaidi kuliko iliyokuwapo. Usiku mmoja, tukiwa tunaandika taarifa iliyotakiwa asubuhi, mashine ikaanza kujisahihisha yenyewe, ikakwama katikati, isiendelee wala isirudi nyuma. Taarifa tuliiandika upya kwa kalamu. Fundi alipoifungua alitazama ubao, akaifunga tena, akatuuliza kama tuna mtoto mdogo anayehitaji kitu cha kuchezea. Mwenye duka naye alieleza kwa adabu kubwa kwamba dhamana haihusu nafasi kujaa. Tulikuwa tumebakiza miezi mitano ya kulipa.

Mtu atasema hayo yalikuwa ya zamani. Basi na atazame kipimo chenyewe. Mfumo wa Windows 11, uliotoka Oktoba 2021, huhitaji kwa uchache gigabaiti 4 za kumbukumbu na gigabaiti 64 za hifadhi. Maana yake ni kwamba kompyuta mpya inayouzwa ikiwa na 4 na 64 imesimama ukingoni siku ile ile inapotolewa katika boksi.

Badala yake wako wanaoshauri mitumba: kompyuta za maofisi ya Ulaya na Marekani ambazo baada ya miaka michache ya kazi huuzwa kwa jumla na kuletwa kwetu. ThinkPad, Latitude na EliteBook zimo katika kundi hilo. Twakiri kwamba hapo zamani tulizidharau, kwa dhana kwamba nchi zetu hazifai kuwa jaa la nchi tajiri. Dhana hiyo ina ukweli, na haikupungua mwaka 2025. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta ambazo haziwezi kupokea Windows 11 zikawa mzigo kwa maofisi ya huko, na mzigo wa huko hutafuta njia ya kuja huku. Kwa hiyo mchuuzi anayekupunguzia bei ghafla huenda hana huruma. Huenda anajua kitu usichokijua.

Njia ya kujilinda ni kusoma namba. Kwa prosesa za Intel za aina ya Core, kwa jumla ni kizazi cha 8 na kuendelea ndicho kinachokubaliwa na Windows 11. Katika namba kama i5-7300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 7, nayo ni kizazi cha 7: imeachwa nje. Katika i5-8350U ni 8: imo. Vizazi vya 10 na kuendelea huonyeshwa kwa tarakimu mbili za mwanzo. Askari aliyezoea kusoma namba ya bunduki hatashindwa na hii. Asiitazame kwenye kibandiko, maana vibandiko huhamishwa. Na aiwashe kompyuta, aingie katika maelezo ya mashine, asome humo. Yule aliyekwisha kununua kizazi cha 6 au cha 7 asiitupe. Aweke mfumo wa bure wa Linux, kama Ubuntu, ataandika na kusoma bila taabu.

Kwa nini twaipendelea mitumba ya namna hiyo kuliko mpya iliyo dhaifu? Kwa sababu ilijengwa ili ifunguliwe. Kibodi yake ikiharibika yapatikana nyingine, na diski hubadilishwa kwa skrubu. Kumbukumbu, katika nyingi zake, huongezwa. Neno hili la mwisho linahitaji tahadhari mpya. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda sana duniani, kwa sababu viwanda vikubwa vimeelekeza nguvu kwenye mitambo ya akili bandia ambayo wateja wake hulipa zaidi. Micron ya Marekani ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaacha biashara ya kumbukumbu za Crucial zilizouzwa kwa watu wa kawaida. Aliyekuwa akifikiri kununua yenye gigabaiti 4 leo na kuongeza kesho na afikiri tena. Ainunue ikiwa nazo 8 tayari.

Ziko pia Chromebook, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 2011. Hizo ni nyepesi na haziugui virusi kwa urahisi, lakini hutegemea intaneti kwa mambo mengi, na kila moja ina tarehe ya kuishiwa masahihisho. Zile za mitumba kutoka shule za Marekani mara nyingi tarehe hiyo imekwisha kupita. Kwa askari wa kituo cha mbali hatuzipendekezi.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, wala hatuwalaumu, maana si kazi yao. Hifadhi ndogo humlazimisha mtu kutembea na flashi. Leo ameichomeka katika kompyuta yake, kesho katika ya mwenzake, keshokutwa katika kibanda cha kuchapishia, na siku ya nne ofisini. Mwaka 2008 jeshi la Marekani lilipata maambukizi makubwa ya kompyuta zake, na afisa wake wa ngazi ya juu alieleza hadharani mwaka 2010 kwamba yote yalianzia kwenye flashi moja iliyochomekwa katika kompyuta mpakato kwenye kambi ya Mashariki ya Kati. Matumizi ya flashi yalipigwa marufuku kwa muda katika jeshi zima. Ikiwa wao, kwa mali yao yote, waliingiliwa kwa njia hiyo, sembuse sisi tunaobadilishana flashi za sinema bwenini? Karatasi za kazi hazina nafasi katika kompyuta ya mtu binafsi, iwe ndogo au kubwa, mpya au ya mtumba.

Hata hivyo haki itendeke. Yupo askari ambaye kompyuta ndogo ndiyo inayomfaa, naye ni yule wa kituo kisicho na umeme wa gridi, anayetegemea paneli ya jua na betri ya gari. Prosesa ndogo ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, imekadiriwa wati 6, ilhali i5 nyingi za kompyuta mpakato za kizazi cha 8 zimekadiriwa wati 15. Kompyuta nzima hula zaidi ya hapo, kwani kioo nacho chataka chake, lakini tofauti huonekana saa mbili za usiku betri inapokaribia kuisha. Nyingi kati yake hazina feni, kwa hiyo hazivuti vumbi, nalo vumbi la kaskazini mashariki twalijua. N100 ina viini vinne, si viwili. Akiipata yenye gigabaiti 8 na diski isiyolehemiwa, na ainunue bila kutuuliza.

Wengine wote, kwa maoni yetu, fedha ile ile yatosha kununua mtumba mzuri wa ofisi. Wala wasiharakishe. Na waende na chaja yake, waiwashe bila umeme wa ukutani wahesabu dakika, wabonyeze kila herufi ya kibodi, na waizime na kuiwasha tena mara mbili. Ikiomba neno la siri kabla Windows haijatokea, au ikitaja jina la kampuni ya ughaibuni na kudai ruhusa yake, kufuli la mwenye mali wa kwanza halijaondolewa, na fundi wa kando ya barabara asiwape matumaini.

Koplo mmoja aliyetusomea rasimu ya makala haya alituuliza je, yule anayetaka kompyuta kwa ajili ya kuandika barua ya likizo na kutazama mpira? Tulimwambia kwamba simu aliyo nayo mkononi yafanya yote mawili. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza bei ya kizazi cha 8.