Lami ya Saadani isiwe njia ya malori usiku

Ukisubiri kivuko pale Bweni, kabla ya kuvuka kwenda Pangani mjini, hukosi mtu wa kukuuzia kitu. Safari yangu ya mwisho nilinunua dafu kwa mama mmoja aliyelichonga kwa mapigo matatu ya panga, macho yake yakiwa ng'ambo ya mto, anahesabu magari. Foleni ile ndiyo mauzo yake ya siku.

Daraja la mita 525 linakuja kuiondoa foleni. Silipingi. Aliyewahi kufika mtoni usiku na mgonjwa, akakuta kivuko kimelala, hawezi kulipinga. Barabara ya lami kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga, watu wa pwani wameingoja mno. Ninachohoji ni magari gani yapite Saadani, na saa ngapi.

Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Huko nyika inashuka mpaka kwenye mchanga wa bahari, na tembo, twiga na palahala hawajui mpaka wa lami. Mikumi imeshatufundisha: barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya hifadhi, matuta yapo, bango la faini ya kila mnyama lipo, na wanyama bado wanagongwa. Faini hulipwa mnyama akiwa amekwisha kufa.

Malori ya masafa marefu tayari yana lami yao, Chalinze hadi Segera. Yabaki huko usiku. Mabasi na magari ya wagonjwa yapite, kwa mwendo mdogo. Najua hoja ya wasafirishaji, kwamba barabara ya umma haifungwi na njia fupi huokoa mafuta. Lakini lori linalopita Pangani saa nane usiku halinunui dafu, halilali nyumba ya wageni, wala halikodi mashua kwenda kisiwa cha Maziwe.

Na Maziwe kwenyewe kuna la kutuogopesha. Kisiwa hicho kilitangazwa hifadhi, kikapoteza miti yake yote hata hivyo. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa, na mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa bara, Ushongo, yasizamishwe na bahari. Tangazo lilikuwepo, usimamizi ndio uliokosekana.

Kwa hiyo geti la usiku liwekwe Saadani sasa, kabla madereva hawajaizoea njia. Na pale Bweni, kwenye mguu wa daraja, wachuuzi waachiwe uwanja wa kuegesha magari na vibanda vya biashara.