Piga hesabu kabla ya kukodisha jaruba lako kwa wachenjua dhahabu

Mpunga ukishavunwa, katika vijiji vilivyo jirani na machimbo madogo ya Geita na Kahama hutokea mtu mwenye fedha taslimu mkononi. Huyu haulizii mchele, anaulizia jaruba. Limekaa karibu na maji, udongo wake wa mfinyanzi unatuamisha maji, na gari linafika. Anataka kuweka karasha na mwalo wa kuchenjulia dhahabu kwa misimu miwili tu, kisha aondoke. Fedha anazotaja huzidi faida ya mpunga, na mkulima anayedaiwa ada ya mtoto hupata shida kukataa.

Hatuna ugomvi na wachimbaji wadogo. Nao wanatafuta riziki, na ndio wateja wazuri wa mchele, mahindi na maharage yetu. Tunachotaka ni mkulima apige hesabu yote kabla ya kupokea fedha hizo.

Tuchukue mfano, nawe uweke namba zako. Ekari moja inatoa magunia 15 ya mpunga, kila gunia linauzwa Sh80,000. Hiyo ni Sh1,200,000. Toa gharama za Sh600,000, inabaki faida ya Sh600,000 kwa msimu, au Sh1,200,000 kwa misimu miwili. Mwenye mwalo anatoa Sh2,000,000. Mkulima anaona amepata ziada ya Sh800,000.

Sasa mwalo umeondoka na jaruba limerudi, lakini mavuno yameshuka kwa theluthi moja, hadi magunia 10. Mauzo ni Sh800,000, ilhali gharama za kulima, kupandikiza na kupalilia hazijapungua. Faida imebaki Sh200,000. Kwa misimu miwili tu ile ziada yote imekwisha, na kuanzia msimu wa tatu mkulima anakula hasara iliyotokana na uamuzi wake mwenyewe.

Kwa nini mavuno yashuke? Mawe yenye dhahabu mara nyingi huwa na metali nzito kama aseniki na risasi, na mchenjuaji huongeza zebaki ili kunasa dhahabu. Karasha likishasaga mawe hayo kuwa unga, mvua hubeba marudio hadi kwenye majaruba ya chini. Tofauti na samadi au majani, metali haziozi. Risasi iliyoingia kwenye tabaka la juu la udongo inaweza kukaa humo kwa vizazi kadhaa.

Metali hizi zinapozidi, mzizi ndio huumia kwanza. Unakuwa mfupi, unageuka kahawia na kushindwa kufyonza maji na virutubisho vya kutosha. Majani hupata njano, mche hautoi machipukizi mengi, na punje hazijai. Mpunga ulioathiriwa na aseniki una dalili ambayo mkulima anaweza kuiona kwa macho: wakati wa kuiva, suke linabaki limesimama wima badala ya kuinama, kwa sababu limejaa mapepe. Wengi huona hayo wakadhani ni upungufu wa mbolea, wakaongeza gharama juu ya hasara.

Hatari kubwa zaidi ni pale mmea usipoonyesha dalili yoyote. Kadimiamu, inayopatikana zaidi kwenye mawe yenye zinki, inaweza kupanda hadi kwenye punje huku shamba likiwa la kijani kibichi. Zebaki nayo, ikikaa kwenye tope la jaruba, hugeuzwa na bakteria kuwa sumu kali zaidi inayoingia kwenye punje. Katika jimbo la Guizhou nchini China, karibu na machimbo ya zamani ya zebaki, watafiti walikuta kwamba wananchi walikuwa wakiipata sumu hiyo zaidi kupitia wali kuliko samaki.

Wajapani walilijua hili kwa machungu. Mgodi wa Kamioka ulimwaga taka zenye kadimiamu katika mto Jinzu, na wakulima wa Toyama wakamwagilia mpunga kwa maji hayo. Waliokula mchele huo kwa miaka mingi, hasa wanawake, figo ziliharibika na mifupa ikawa inavunjika kirahisi. Ugonjwa ukaitwa "itai-itai", maana yake "inauma, inauma". Serikali yao ilikiri chanzo chake mwaka 1968. Kazi ya kurekebisha udongo wa mashamba ilichukua zaidi ya miaka 30, ikakamilika mwaka 2012.

Upo pia upande wa soko. Viwango vya kimataifa vya Codex haviruhusu zaidi ya miligramu 0.4 za kadimiamu katika kilo moja ya mchele mweupe. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ingawa zuio liliondolewa baada ya siku chache, wafanyabiashara waliwekewa masharti ya vyeti. Mnunuzi akishaanza kupima sumu moja, hakuna kinachomzuia kupima nyingine.

Tunashauri yafuatayo. Jaruba lisikodishwe kwa uchenjuaji. Kama mwalo ni lazima, uwekwe mbali na majaruba na mifereji, mahali ambapo maji yake hayatelemki kuelekea mashambani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Marudio yasitumike kujazia tuta wala uwanja wa kuanikia mpunga, tandika turubai. Aliye jirani na mwalo apimishe udongo kabla ya kulima. Chokaa ya kilimo hupunguza kadimiamu na risasi zinazopanda kwenye mmea ulio katika udongo wenye tindikali, lakini haiziondoi shambani, na kwa aseniki haisaidii.

Halmashauri nazo zina wajibu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauwezi kulinda jaruba kama hakuna anayekwenda kupima. Sehemu ya mapato ambayo halmashauri zinapata kutokana na dhahabu itumike kupima udongo na mpunga wa vijiji vinavyozunguka machimbo, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, yasibaki kwenye makabati ya ofisi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Toyama walijenga ukuta wao kwa zaidi ya miaka 30, nao wana fedha. Mkulima wa ekari moja hana za kujengea. Dhahabu ya eneo itakwisha na mwenye karasha atahamia kwingine, lakini mkulima na watoto wake wataendelea kula kutoka kwenye jaruba lile lile.