Miembe ya Tongoni si ya Waarabu

Kuna neno moja linalorudi kila mara hapa kwetu Kasongo wakati mti wa zamani unapoangushwa. Mtu anapita, anaona shoka, anauliza kwa nini. Jibu liko tayari mdomoni: "Ile ni miti ya Waarabu. Waarabu walituuza. Tukate tu, iko inatusaidia nini?" Kiisha kuni zinapangwa katika tanuru la matofali, na hakuna anayeuliza tena. Upande wa pili wako wazee fulani, pamoja na vijana wao, ambao ukitaja Tongoni wanainua kichwa: pale palikuwa mji, pale palikuwa ustaarabu, babu zetu walivaa kanzu wakati majirani walivaa magome ya miti. Katika kurasa hizi nataka kubishana na hawa na wale, maana naona wanafanya kazi moja bila kujua. Wote wawili wanatuacha bila kitu cha kumwonyesha mtoto.

Tuanze na mji wenyewe. Kasongo ya Tippu Tip na ya mwana wake Sefu haikuwa hapa tunaponunua chumvi leo. Ilikuwa Tongoni, na jina linajieleza: tongo ni mahali palipokaliwa na watu, kisha wakapahama. Askari wa Leta Huru ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili, chini ya Dhanis, waliingia pale tarehe 22 Aprili 1893. Pamoja nao alikuwa daktari Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye aliandika kitabu juu ya vita ile, kikatoka mwaka 1897. Hinde alikuwa adui wa Waarabu, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuwasifu bure. Lakini anaeleza bustani zilizompendeza sana: machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi, maembe, ndizi, kila mahali alipogeuka. Anaeleza pia ghala zilizojaa mpunga. Msomaji anayekaa Kasongo anaweza kuhesabu mwenyewe ni mangapi kati ya hayo yanauzwa leo pembeni ya barabara.

Sasa swali ambalo wale wenye shoka na wale wenye majivuno hawaulizi: nani alipanda? Je, mfanyabiashara wa pembe aliyetoka Zanzibari alishika jembe? Wapi! Aliyeshika jembe ni mtu aliyekamatwa, au mtoto wa aliyekamatwa: Mbangubangu, Mzimba, Mkusu, Msongola, na wengine walioletwa kutoka mbali hata jina la kijiji chao likapotea. Mbegu ilikuja na msafara, ndiyo. Shimo lilichimbwa na mikono ya kwetu, maji yalichotwa na mama zetu. Basi mti ule ukiuita wa Mwarabu, umemnyang'anya mtumwa mara ya pili. Mara ya kwanza alinyang'anywa mwili wake, na sasa unamnyang'anya kazi yake.

Tena, kama dawa ya kumbukumbu mbaya ni shoka, tusiishie kwenye miembe. Mpunga ulienea Maniema kwa njia ileile ya misafara. Nani atakuwa wa kwanza kumwaga sahani yake ya wali? Na lugha hii ninayoandika, ambayo wewe unaisoma, ambayo padri anahubiri nayo na shehe anahubiri nayo, ilifika Lualaba pamoja na bunduki na minyororo. Hakuna mtu anayesema tukikate Kiswahili. Tumekifanya chetu, tukakipinda kidogo tukitakavyo, mpaka watu wa pwani wakitusikia wanacheka. Wacheke tu. Kwa nini basi mti, ambao hauna mdomo wa kujitetea, ndio ulipe deni la Tippu Tip?

Kwa upande wa wenye majivuno sitazunguka. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na maneno yake yamechapwa. Vita, mateka na pembe anavitaja bila kuona haya, kama mtu anayehesabu mali yake. Livingstone alikuwa Nyangwe tarehe 15 Julai 1871 wakati watu wa wafanyabiashara walipofyatua risasi sokoni, juu ya wanawake waliokuja kuuza vitu vyao, na wengi wakafa majini wakijaribu kukimbia. Huo ndio ustaarabu mnaousifu? Na wale wanaokimbilia kusema kwamba Mbelgiji alikuja kutukomboa, wakumbuke kwamba mwaka 1887 Leopold huyohuyo alimfanya Tippu Tip kuwa liwali wake kule Stanley Falls. Miaka mitano tu baadaye vita ikaanza, ikaitwa vita dhidi ya utumwa. Ngongo Lutete, aliyehama upande na kuwasaidia Wabelgiji kushinda, aliuawa nao mwaka uleule wa 1893. Baada ya pembe ikaja habari ya mpira, na habari hiyo hatuhitaji kusimuliwa.

Haya yote yanahitaji mahali pa kusimuliwa. Mtoto hawezi kuyashika kwa kuyaandika ubaoni peke yake. Mimi ninafundisha, najua. Anayaandika Jumatatu, Ijumaa yamekwenda. Lakini mpeleke chini ya mwembe ambao mikono miwili ya watu wazima haitoshi kuuzunguka, mwambie nani alichota maji ya mche huu, utaona anavyonyamaza.

Kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye njia ya wakimbizi ilimfikisha Amerika, alinitumia picha kwa simu kutoka Florida, nami nikamwomba anieleze vizuri alikokwenda. Alikwenda kutembelea bustani ya Kijapani. Nilifikiri ananidanganya: Japani ni nchi ya theluji na baridi, Florida ni joto na mvua na vimbunga, karibu sawa na kwetu. Lakini iko kweli. Inaitwa Morikami, karibu na mji wa Delray Beach, na ndani yake kuna nyumba ya makumbusho. Alinieleza njia za changarawe, taa za mawe, madaraja, samaki wa rangi katika ziwa, vimiti vidogo vya miaka mingi vinavyotunzwa ndani ya vyungu. Pembeni, akasema, mijusi mikubwa ya kijani inaota jua kama vile bustani ni yao. Mti wa cheri, ule ambao Wajapani wanausifu kwa maua yake, unataka baridi ili utoe maua vizuri. Basi watunzaji walitumia misonobari na mimea inayovumilia joto la pale, wakaifinyanga kwa mkono wa Kijapani. Bustani ikabaki ya Kijapani.

Kilichonishika zaidi ni asili yake. Mwaka 1904 na 1905 Mjapani aitwaye Jo Sakai alianza kuleta wakulima wenzake pale Florida, wakaliita kao lao Yamato. Walilima mananasi. Ndiyo, mananasi, kama yale ya Kasongo. Mananasi yakashikwa na ugonjwa, ya Kuba yakaja sokoni kwa bei ndogo, watu wakaanza kutawanyika mmojammoja. Mwaka 1942, wakati wa vita na Japani, serikali ya Marekani ilichukua ardhi ya waliobaki ikajenga uwanja wa ndege za kijeshi. Hilo nalo ni tongo. Lakini mmoja wao, George Morikami, aliyekuja mwaka 1906 akiwa kijana, alibaki analima na kuuza mboga, ananunua ardhi kidogo kidogo, na uzeeni aliitoa bure ili iwe ya watu wote. Alikufa mwaka 1976. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1977, na bustani kubwa inayoonekana leo ilifunguliwa mwaka 2001. Ndani ya makumbusho habari ya Yamato inaelezwa jinsi ilivyokuwa, hata kushindwa kwake. Yule kijana aliniuliza mwishoni: "Mwalimu, sisi kwetu tungeonyesha nini?" Nilimjibu kwa maneno mengi, maana salio la simu lilikuwa lake.

Lakini tusiende mbali hivyo. Vuka Tanganyika tu, ufike Ujiji. Pale kuna makumbusho ya Livingstone, kwa sababu Stanley alimkuta pale mwaka 1871. Mwembe waliosalimiana chini yake ulikufa zamani. Miembe iliyopo inasemekana ni watoto wake, na wageni wanalipa kuiona, pamoja na sanamu za wazungu wawili wanaovua kofia. Wenzetu wa Kabambare wasome hapa kwa makini. Livingstone alifika Kabambare, yeye akiandika Bambarre, mwezi wa Septemba 1869. Kuanzia Julai 1870 mpaka Februari 1871 alikaa palepale, vidonda vya miguu vimemshinda, akiishi kwa wema wa watu wa nchi na, tuseme ukweli, wa hao wafanyabiashara aliowachukia. Barua aliyoandika pale Februari 1871 ilikuwa imefifia mno, hata wataalamu wa Ulaya wakaipiga picha kwa mashine za pekee ili isomeke, ikatangazwa mwaka 2010. Ujiji wana makumbusho kwa ajili ya kuvua kofia. Kabambare walimlaza mgonjwa miezi na miezi, nao wana nini? Hata kibao cha mbao hakuna. Na Mbangubangu aliyempa muhogo hana jina katika kitabu chochote, ila labda katika kinywa cha mzee mmoja ambaye hatujamwuliza.

Nasikia tayari jibu la wasomi wenzangu: makumbusho ni kazi ya Leta. Au: tungoje vitu vyetu virudi kutoka Tervuren. Haya. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha vitu 114 Kinshasa. Baadaye, katika vurugu za miaka ya 1990, makumbusho yakaporwa, na baadhi ya vitu vikaonekana vinauzwa Ulaya. Mwaka 2019 Kinshasa ilipata nyumba mpya nzuri ya makumbusho ya taifa, na aliyetoa fedha ni Korea ya Kusini. Mwaka 2022 mfalme wa Ubelgiji alileta kinyago kimoja cha Wasuku, kama mkopo usio na mwisho. Mkopo wa kitu chetu wenyewe! Mimi sikatai madai ya kurudishiwa, tudai kwa nguvu. Lakini mtu wa Kabambare atafika Kinshasa lini na kwa ndege ya nani? Mwembe hauko Tervuren. Hakuna Mbelgiji aliyeubeba. Ukipotea, tumeupoteza sisi, kwa shoka tuliyoinunua sokoni kwetu.

Wageni wenyewe wanaona kile tunachokiona kuni. Mwaka 2020 jarida la akiolojia la Uingereza liitwalo Antiquity lilitoa makala juu ya historia, akiolojia na kumbukumbu za Waswahili-Waarabu hapa Maniema, na kati ya walioiandika wako Wakongomani. Ni aibu kidogo kwamba mwalimu wa Kasongo anaweza kupata habari za Tongoni kwa Kiingereza kuliko kwa lugha anayofundishia.

Najua kwa nini miti inakatwa, sitajifanya sijui. Nyumba ya udongo inaanguka kila masika, mtu anataka matofali ya kuchoma, na mti ule mkubwa unatosha tanuru nzima. Baba mwenye watoto sita hali historia. Lakini mwembe uleule unawalisha hao watoto kuanzia Novemba, wakati mpunga mpya bado uko mbali, na unawalisha bure kila mwaka. Tanuru inaula mara moja. Kwa matofali ipandwe miti ya kukua haraka. Chifu na wazee wa kijiji wana uwezo wa kusema mti huu haukatwi, kama walivyosema zamani juu ya misitu ya mizimu, na hakuna aliyengoja barua ya gavana.

Ninachopendekeza kwa chama chetu hakihitaji Korea. Kwanza tuhesabu miti ya zamani, Tongoni, Kasongo, Nyangwe, na kwenye barabara ya zamani ya Kabambare, tuandike iko wapi na nani anakaa karibu. Wanafunzi wa shule za sekondari wanaweza kufanya hivyo wakati wa likizo, kila mmoja na daftari lake, wakiuliza wazee wa familia za pande zote: waliouzwa, waliouza, na wale ambao babu yao alifanya yote mawili, maana nao wako, na wananyamaza kuliko wote. Kiisha nyumba moja ya miti na nyasi pale Tongoni, ya kuweka vigae, shanga, minyororo kama ipo, na madaftari yale. Mbele yake ipandwe upya bustani ile aliyoiona Hinde, machungwa machungu na makomamanga pamoja, na kwenye kila mti kibao kinachosema kwa Kiswahili nani alipanda ule wa kwanza.

Kiangazi kinakaribia na matanuru yanaanza kujengwa. Mwenye mti wenye jina, au anayejua bibi aliyesikia habari ya aliyeupanda, alete jina hilo kwa katibu wa chama kabla ya mwezi wa sita.