Chupa tupu za Sirisia ni mzigo wa nani?

KWA miaka mingi chupa ya soda ya kioo haikupotea ovyo katika maduka ya Sirisia, Kaunti ya Bungoma. Ilikuwa mali ya kampuni. Mnunuzi asiyekuwa na chupa ya kubadilisha aliacha amana, na lori lililoleta kreti zilizojaa liliondoka na kreti tupu. Umbali haukuwa kisingizio, kwa kuwa chupa ilikuwa na thamani kwa kampuni iliyoijaza.

Plastiki ilivunja mkataba huo. Chupa ya plastiki hufika dukani na haina wa kuirudisha. Gharama ya kuiondoa imeachiwa mnunuzi, mwenye shamba na serikali ya kaunti, ambayo Katiba ya 2010 iliikabidhi jukumu la uzoaji taka. Isipochomwa nyuma ya maduka, husombwa na mvua hadi kwenye mito inayoteremka kutoka Mlima Elgon.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ilikusudia kurekebisha hali hiyo. Inaagiza taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, inazitaka kaunti kuanzisha vituo vya kuchambua taka, na inamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Kanuni zilizochapishwa Novemba 2024 zilifafanua wajibu huo: kampuni inaweza kuutekeleza yenyewe au kujiunga na shirika la wazalishaji na kulipa ada.

Hata hivyo, swali kuu ni mahali ada hiyo itakapotumika. Chupa tupu ni nyepesi lakini hujaza lori upesi, na kutoka Sirisia hadi viwanda vya Nairobi ni takriban kilomita 400. Iwapo utiifu wa kampuni utapimwa kwa tani pekee, ni dhahiri kwamba tani hizo zitatafutwa zinakopatikana kwa urahisi, katika majaa ya miji mikubwa. Kampuni itakuwa imetimiza sheria ilhali chupa zake zingali zimetapakaa Malakisi na Lwakhakha.

Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Agosti 28, 2017, isichukuliwe kuwa kielelezo hapa. Marufuku hiyo ilihitaji katazo na faini. Haikumtaka yeyote asafirishe kitu. Urejelezaji unahitaji nauli, na nauli lazima iwe na mlipaji.

Nchini India, jiji la Pune lilitia saini mkataba mwaka 2008 na SWaCH, ushirika wa waokota taka. Wanachama wake huzoa taka mlango kwa mlango, hulipwa ada ndogo na kila nyumba, na huuza taka kavu kwa faida yao. Pato lao basi halitegemei bei ya kilo pekee. Funzo lake ni kwamba kazi ya kukusanya hulipiwa kama huduma. Lakini nyumba za Pune zimesongamana. Katika vijiji vya Sirisia vilivyotawanyika, ada ya wakazi haiwezi kutosha. Pengo hilo ndilo linalopaswa kuzibwa na wazalishaji.

Kuna njia tatu. Mosi, malipo kwa wakusanyaji yaongezeke kadiri umbali unavyoongezeka. Pili, kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zishirikiane kuweka mashine za kugandamiza chupa mjini Bungoma na Kitale, ili lori lisafirishe plastiki badala ya hewa. Tatu, mamlaka ya mazingira, Nema, iwadai wazalishaji takwimu za kila kaunti, si jumla ya taifa pekee.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Chupa tupu huonekana nyepesi kwa aliye mbali nazo. Malori yanayopeleka vinywaji Sirisia yanaijua barabara ya kurudi. Yaliwahi kuipita yakiwa na kreti.