Kilo Kumi za "Huwezi Jua"

Mara ya kwanza nilipopanda Mlima Meru nilibeba hema. Njia ya mlima ule ina nyumba za kulala: Miriakamba, kwenye mita 2,514, halafu Saddle, kwenye mita 3,570. Zote zina vitanda na magodoro. Hema langu likapanda siku mbili na kushuka halijafunguliwa hata kamba. Mwenzangu aliponiuliza nimelibebea nini, nilimjibu kwa maneno ambayo kila anayefungasha begi huyajua: "Huwezi jua."

Maneno hayo mawili yamegeuka kuwa dini. Tumeaminishwa kwamba begi kubwa ni dalili ya mtu aliyejiandaa, na begi dogo ni la mzembe. Mimi naona kinyume chake. Begi kubwa mara nyingi ni la mtu ambaye hakuuliza. Safari ya mlimani haina siri: idadi ya usiku inajulikana, mahali pa kulala panajulikana, pa kuteka maji panajulikana, na baridi ya kileleni si habari mpya kwa mtu yeyote. Asiyeuliza hayo hulipa kwa mabega.

Juzijuzi ndugu yangu mmoja aliniomba nimkagulie begi la safari hiyohiyo. Tulilimwaga sebuleni. Zikatoka suruali mbili za jinzi, taulo zito la kuogea, chupa nzima ya losheni, makopo manne ya maharage, jozi tatu za viatu, pauabenki mbili na sufuria yenye mfuniko. Kila nilichokigusa kilikuwa na wakili wake: losheni kwa ajili ya upepo, sufuria endapo ya mpishi itatoboka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe unakipandisha mlimani kwa magoti yako. Tulipopima tena, begi lilikuwa limepungua kilo kumi, na hakuna hata kimoja kati ya alivyoviacha alichokikumbuka huko juu.

Wanaotetea mizigo husema wanaogopa hatari. Lakini mzigo wenyewe huzaa hatari. Anayebeba kupita kiasi hutoka jasho, jasho huloanisha nguo, na akisimama kupumzika upepo humkuta amelowa. Jinzi ikishalowa kule juu, usitegemee ikauke kabla hujarudi nyumbani. Basi aliyebeba nguo nyingi kwa kuogopa baridi ndiye anayetetemeka wa kwanza.

Wapo wanaosema, "Kwani nabeba mimi? Nimelipia wagumu," yaani wapagazi wa mlimani. Wahenga walishalisema hilo: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwenye Kilimanjaro kanuni inataka mzigo anaobeba mgumu usizidi kilo 20, ndiyo maana mizani iko getini. Hizo 20 ni ukomo, si deni ambalo lazima ulijaze. Kila kopo la "huwezi jua" lina shingo inayolibeba, na si shingo yako.

Halafu kuna dai la mwisho, kwamba kusafiri mwepesi ni anasa ya wenye hela za kununua mahema ya gramu chache. Mwaka 1955, Mmarekani Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, alitembea peke yake njia ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na raba miguuni na mfuko aliojishonea begani. Hakuwa na hema. Kujikinga mvua alibeba pazia la plastiki la bafuni. Sikushauri upande Meru na pazia, ila bibi yule anatuonyesha kwamba wepesi hauanzii dukani. Unaanzia kwenye kuacha. Na ukikosa sweta jepesi lenye joto, nenda soko la Memorial pale Moshi, upekue mitumba.

Vya kuacha ni vingi, lakini koti la mvua, nguo kavu ya kulalia, sweta la joto la kileleni, glavu, tochi ya kichwani, dawa na maji si vya kupunguza. Maji hasa hayana ujanja: lita moja ni kilo moja, popote pale. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuyatafutia nafasi kwa kutupa upuuzi.

Ukirudi safari yako ijayo, kabla hujafua, gawa vitu vyako mafungu matatu: ulivyotumia kila siku, ulivyotumia mara moja, na ambavyo hukuvigusa. Fungu la tatu, ukitoa dawa na koti la mvua, lisipande mlima tena. Hema langu liko humo, na mwaka huu nimempa jirani anayelala nje akilinda shamba lake la mahindi. Yeye analihitaji.

Na atakayekuambia "huwezi jua", mjibu kwamba unaweza. Ulizia tu.