Juu ya Zilipendwa

Ni shida kuhudhuria karamu ya arusi au kusafiri kwa basi katika Tanzania bila ya kulisikia neno zilipendwa. Nyimbo za dansi za miaka ya 1960 na 1970 zikipigwa, wenye umri hutikisa vichwa, na wasio na umri huwaiga. Kisha hufuata hukumu: kwamba zamani watu walikuwa na adabu na waimbaji walikuwa na sauti, na kwamba leo hapana kitu ila makelele. Hukumu hiyo hutolewa bila ya shahidi, hupokewa bila ya swali, na aghalabu hufungwa kwa methali ya mwacha asili ni mtumwa. Yafaa itiwe katika mizani, maana ina dhuluma ndani yake, na wanaodhulumiwa ni wale wale wanaosifiwa.

Neno lenyewe lajishuhudia. Hakusemwi zapendwa, husemwa zilipendwa. Wakati uliopita umefungwa ndani ya kitenzi kama maiti ndani ya sanda. Tena kitenzi hicho ni cha kutendwa: nyimbo zilipendwa, lakini aliyezipenda hatajwi, wala aliyezitunga hatajwi. Mume asemaye kwamba mkewe alipendwa hajasema bado kwamba yeye ampenda.

Ama hiyo asili inayodaiwa kuachwa, ni ipi? Tangu miaka ya 1930 santuri za Kuba zenye alama ya GV zilienea katika Afrika, na rumba ikaingia mijini. Salum Abdallah wa Morogoro aliongoza bendi iliyoitwa Cuban Marimba. Western Jazz na Kilwa Jazz za Dar es Salaam, kadhalika Atomic Jazz ya Tanga, zilijipa jina la muziki wa Marekani. Watu hao hawakuona haya kuazima, wala hawakubaki waazimaji: walichukua mdundo wa ng'ambo wakautia Kiswahili, hata ukawa wao. Ujasiri wa kuwa wapya ndio uliowapa utukufu. Kuwafanya fimbo ya kuwapigia vijana, kwa kosa la kufanya leo yale waliyoyafanya wao jana, ni kuwalazimisha wazee hao watoe ushahidi wa uongo juu ya maisha yao wenyewe.

Na hiyo zamani ilikuwa tamu kwa nani? Siti binti Saad alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Hali ya utumwa haikufutwa kwa sheria Unguja mpaka mwaka 1897. Msichana huyo alichukua vyungu vya mamaye akavipeleka mjini kuuza, na alipojaliwa sauti, wapo waliomdhihaki kwa unyonge wa nasaba yake. Mwaka 1928 alivuka bahari hata Bombay kutiwa sauti katika santuri, na sifa yake ikaenea pwani yote. Wanaoikariri methali ya asili na wamtazame mwanamke huyu. Alikuwa Mtumwa katika asili yake. Alipotoka katika asili hiyo ndipo alipokuwa Siti. Laiti angalitii wasifu wa kale, angalikufa muuza vyungu, na Kiswahili kingalikosa sauti yake.

Mbaraka Mwinshehe naye husifiwa kila siku. Wasifu wake wangapi wakumbuka kwamba bendi za Tanzania zilizotaka santuri zilikwenda kuzitoa Nairobi, kwa sababu nchi yao haikuwa na kiwanda cha kuzichapa? Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki inayotumika Tanzania Bara ilitungwa mwaka 1999, miaka 20 baada ya kifo chake. Sifa zilitangulia, haki ilichelewa.

Mtetezi atasema kwamba kumbukumbu ni faraja ya mzee, na kumnyang'anya ni ukatili. Neno hili lina haki yake. Mzee asikiaye wimbo aliouchezea ujanani hana kosa akitokwa na machozi. Walakini anachokililia ni ujana wake, na ujana si hoja. Wepesi wa magoti hauthibitishi ubora wa wimbo, sembuse wema wa dunia. Faraja ni tamu ikikaa mahali pake. Ikivaa joho la ukadhi ikaketi kuhukumu kizazi kizima, imekwisha kuwa jeuri.

Dalili ya mapenzi ni matunzo. Santuri za kale za mizunguko 78 huvunjika kama kigae, na kanda za sauti huharibiwa na joto na unyevu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizitia bendi katika kanda miaka mingi, na hazina hiyo imo mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Nchini Ufaransa, Buda Musique imekusanya muziki wa pwani na wa dansi katika mfululizo wa Zanzibara, ukiwa na majina na maelezo. Ni aibu kwamba mtu wa Paris aweza kumjua mpiga gitaa kwa jina, na huku msifuji wa Ilala ajua tu kwamba zamani kulikuwa na raha.

Wasomi nao hawana pa kujificha. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad hakutosheka kuugulia siku zilizopita; aliuliza Siti alizaliwa wapi, alilelewa katika kazi gani, alisafiri lini, na alitukanwa kwa nini. Kazi ya namna hiyo yangoja mikono. Wapo wapigaji wa dansi walio hai, wenye majina ya wenzao vichwani na picha sandukuni. Mwanafunzi aendaye kwao na kalamu, akaandika nani alitunga, nani alipiga, mwaka gani na kwa ujira gani, amewapenda kuliko karamu elfu za kutikisa vichwa. Asiyefanya hivyo na anyamaze kuwalaumu vijana, maana wao angalau wanaimba.