Mkataba Usifungwe Gizani

Kenya na Marekani zinatenganishwa na bahari na bara zima, na pia na desturi za kulima, za kula na za kutunga sheria. Mataifa ya namna hiyo kutaka biashara huria si dhambi. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji ataponaje iwapo hajaambiwa mgeni ametaka nini?

Mazungumzo ya mkataba huo yalitangazwa na Marais Uhuru Kenyatta na Donald Trump Februari 2020, yakafunguliwa rasmi tarehe 8 Julai. Mwaka 2022 serikali ya Joe Biden iliyaweka kando, ikaanzisha mashauriano mengine yasiyogusa ushuru wa forodha. Hata hivyo haja haikuisha. Tangu mwaka 2000, nguo zinazoshonwa Athi River na kwingineko ziliingia Marekani bila ushuru kwa hisani ya sheria ya AGOA. Muda wa sheria hiyo ulipokwisha tarehe 30 Septemba 2025, riziki ya washonaji wetu ilibaki mikononi mwa wabunge wa nchi nyingine. Basi hatupingi kutafuta mkataba ulio imara kuliko hisani. Tunapinga kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Yaliyomo guniani si madogo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017. Mazungumzo yalipokaribia mwaka 2020, chama cha watengenezaji kemikali wa Marekani kiliiandikia serikali yao kuiomba itumie mkataba huo kuzuia Kenya isiwekee plastiki mipaka. Wao walijua wanachokitaka, na walijua mlango wa kubisha. Je, mkulima wa ngano wa Narok, anayeshindana na mashamba makubwa yenye ruzuku ya serikali, angebisha mlango upi?

Sheria ya Marekani ya mwaka 2015, iliyotawala mazungumzo hayo, ilitaka matini ya mkataba ichapishwe siku 60 kabla ya kutiwa saini. Kwetu, chini ya sheria ya mwaka 2012, Bunge la Taifa huletewa mkataba liuridhie wakati wino wa saini umekwisha kukauka. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Maana yake ni kwamba watu wachache katika chumba kilichofungwa wanaweza kuandika sheria ya taifa zima.

Wakulima wadogo walilitambua hili mapema. Mwaka 2007 walikwenda mahakamani kuhusu mkataba wa biashara na Ulaya, na mwaka 2013 Mahakama Kuu iliiamuru serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha wananchi katika mazungumzo hayo. Hukumu hiyo isiachwe kuota vumbi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Rasimu ya kila mkataba wa biashara ichapishwe kabla ya saini, kwa Kiswahili pia, maana kifungu cha 7 kimekifanya lugha rasmi. Wakulima, washonaji na wachuuzi wasikilizwe katika kaunti zao, wala si katika hoteli za Nairobi pekee. Na majirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waelezwe mapema, kwa kuwa tunashiriki nao umoja wa forodha.

Wapendwa wasomaji, kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, hatukushangilia wingi wa vyama tu. Tulishangilia haki ya mwananchi kuulizwa. Haki hiyo haikomi siku ya kura. Esau aliuza urithi wake kwa chakula cha mlo mmoja, lakini yeye walau alikiona chungu. Someni, ulizeni katika jumuiya zenu ndogo ndogo, mwandikieni mbunge wenu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hili ni letu sote.